Mteja aachiwe vipimo, si rauta na ahadi

Mhariri,

Tunaomba nafasi tuseme na wasomaji wako wanaolipia intaneti ya nyumbani, pamoja na wenye hoteli, maktaba, kumbi na stendi wanaotaka kuweka Wi-Fi ya watu wote. Kila mtaa malalamiko ni yale yale: kifurushi kimeandikwa megabiti 20, video inazunguka tu, na ukipiga simu unaambiwa zima rauta, subiri kidogo, washa tena. Kazi yetu ni kuvuta nyaya na kufunga vifaa hivyo. Katika nyumba nyingi mtandao unafika mlangoni ukiwa mzima, unakuja kufia ndani, na hakuna aliyepima kujua umefia wapi. Ndiyo maana tunaziomba kampuni, na tunaiomba TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania, izisimamie, fundi asitoke nyumbani kwa mteja bila kumwachia karatasi yenye vipimo vitatu. Cha kwanza ni nguvu ya mwanga kwenye faiba (waya wa kioo unaopitisha mwanga), au ya mawimbi kama huduma ni ya 4G au 5G. Cha pili ni kasi kwa waya. Cha tatu ni kasi kwa Wi-Fi katika chumba kilicho mbali kuliko vyote.

Tuanze na hesabu, maana wengi wanapunjika hapo. Kampuni zinauza megabiti, simu yako inaonyesha megabaiti, na baiti moja ni biti nane. Megabiti 20 kwa sekunde ni megabaiti 2.5 kwa sekunde, kwa hiyo faili la gigabaiti moja litachukua karibu dakika saba, na hapo mtandao uko sawa kabisa. Video ya HD inatosheka na megabiti 5. Ya 4K inataka 15 hadi 25. Simu ya video ya kazini inakula 2 hadi 4, na hizo ni za kupandisha pia, siyo za kushusha peke yake. Nyumba ya watu watano yenye runinga moja na simu nne inaishi vizuri na megabiti 20 zilizo za kweli. Anayeshawishiwa kupanda hadi 100 kwa sababu 20 zinakwama, mara nyingi anaongezewa bili huku kilichoziba kikibaki palepale.

Palipo na faiba, chukua faiba. Hakuna njia nyingine ya nyumbani inayoishinda kwa uthabiti. Waya mmoja unatoka kwenye kituo cha kampuni, unafika kwenye kisanduku cha juu ya nguzo, na humo kuna splita inayougawa mwanga kwa nyumba 32 au 64. Kwa teknolojia iliyoenea, GPON, waya huo una jumla ya takriban gigabiti 2.5 za kushusha na 1.25 za kupandisha. Gawanya kwa nyumba 32, zote zikitumia kwa wakati mmoja, kila moja inabaki na megabiti 78 hivi. Basi mtaa mzima ukiwa na vifurushi vya 20 na bado unasuasua kila saa mbili usiku, splita haina kosa. Kampuni haijanunua njia ya kutosha mbele ya kituo chake, na hilo wateja wana haki ya kulidai kwa jina lake.

Splita yenyewe hupunguza mwanga huo. Kugawa kwa 32 kunapoteza desibeli 17 hivi, kila kilomita inapoteza kama 0.35, na kila kiungio kinakula kidogo chake. Mwanga ukifika nyumbani unatakiwa usomeke kati ya -15 na -25 dBm, kipimo cha nguvu ya mwanga. Ukishuka chini ya -27 rauta inaanza kukatakata au taa nyekundu ya LOS, ya kuonyesha mwanga haufiki, inawaka. Kumbuka kila desibeli 3 zinazopotea ni nusu ya mwanga, kwa hiyo nyumba iliyoachwa kwenye -26 siku ya kufungiwa haina akiba yoyote. Waya ukivutwa kidogo, au kiungio kikiingia vumbi, mteja yuko gizani. Fundi ana kifaa cha mkononi cha kupima mwanga. Na wewe mwenyewe unaweza kufungua ukurasa wa rauta kwenye simu, utafute mstari wenye herufi Rx (mwanga unaopokelewa), uiandike ile namba.

Namba ikiwa mbaya, angalia mambo haya kabla hujamlaumu mtu. Mara nyingi waya umepitishwa kwenye dirisha la aluminiamu na kila ukilifunga linaubana. Au umekunjwa kwenye kona ya ukuta na kupigiliwa msumari wa kushikia nyaya za umeme. Waya wa ndani wa kisasa unavumilia mkunjo wa milimita 10, lakini ule wa aina ya zamani unataka nusu kipenyo isiyopungua milimita 30, yaani duara la upana wa milimita 60, karibu na mdomo wa kikombe cha chai. Jambo jingine ni vichwa vya waya. Cha kijani kimekatwa kwa mshazari wa nyuzi nane, cha bluu kimekatwa bapa. Ukichomeka cha kijani kwenye tundu la bluu kinaingia na kubana vizuri, ila vioo viwili havigusani sawasawa na mwanga unapotea hapo kila siku. Tumekuta kosa hili linaitwa hitilafu ya mtandao kwa miezi. Na usifute kichwa kwa shati. Njia ya mwanga ndani ya kioo ina upana wa mikromita 9 tu, nyembamba mara kadhaa kuliko unywele, na punje moja ya vumbi inatosha kuifunika. Pia usichungulie ncha ya waya ulio hai: mwanga wake hauonekani kwa jicho lakini unaweza kuliumiza.

Kuna sifa moja ya faiba haisemwi na wauzaji, nayo ina maana kubwa umeme unapokatika. Splita ya nguzoni haitumii umeme. Kituo cha kampuni kikiwa na jenereta, mwanga unaendelea kufika kwako hata mtaa mzima ukiwa giza, unachohitaji ni kuiwasha rauta tu. Rauta nyingi zinakula volti 12 na wati 8 hadi 10. Betri ndogo ya rauta yenye wati-saa 37 itakupa saa tatu hadi nne. Kabla ya kununua, geuza adapta usome maandishi: volti lazima zilingane kabisa, na ampea za betri zisiwe chini ya zile za adapta. Ampea zikipungua, rauta inawaka, inafanya kazi dakika chache, inajizima, na mteja anadhani ni mtandao.

Sasa kipimo cha pili. Chukua kompyuta, ichomeke kwa waya kwenye rauta, zima Wi-Fi ya kompyuta, zima na vifaa vingine, upime mara mbili: saa nne asubuhi na saa mbili usiku. Andika kushusha, kupandisha na pingi (muda wa ujumbe kwenda na kurudi). Kama kifurushi ni cha 200 na unapata 94 kamili kila mara, usipige simu kwanza. Hiyo 94 ni alama ya tundu au waya wa megabiti 100. Waya wa kawaida una nyuzi nane. Nne zikiwa zimekatika au hazikubanwa vizuri, vifaa vinakubaliana kushuka hadi 100 kimya kimya. Sokoni kuna waya mwingi wa aluminiamu uliopakwa shaba. Kwangua uzi kwa kisu: ukiona weupe ndani, uache dukani. Waya wa shaba tupu wa Cat5e unabeba gigabiti moja hadi mita 100, na kwa nyumba nyingi hakuna haja ya kulipia zaidi ya huo.

Usiku ukipata nusu ya kile cha asubuhi kwa waya, hapo ndipo kampuni inapaswa kujibu. Soma pia masharti ya neno "bila kikomo". Vifurushi vingi vya aina hiyo vina kiwango cha matumizi ya haki: ukifikisha gigabaiti kadhaa, kasi inateremshwa hadi mwisho wa mwezi. Kiwango hicho kiandikwe kwenye tangazo kwa maandishi ya ukubwa ule ule wa bei.

Kipimo cha tatu ndicho chenye majonzi, kwa sababu kosa lake ni rahisi kuliko yote. Rauta hufungwa pale waya unapoingilia: nyuma ya runinga, juu ya mita ya Luku, kwenye kona ya sebule, pengine ndani ya kabati ili isionekane. Kutoka hapo mawimbi yapenye ukuta wa matofali ya saruji, nguzo yenye nondo, friji, kioo cha kabati, halafu yafike chumba cha nyuma. Mawimbi ya 5 GHz ndiyo yenye kasi, lakini kuta mbili za saruji zinayamaliza. Ya 2.4 GHz yanapenya zaidi, ila mtaa mzima umejazana humo. Mwambie fundi avute waya mpaka katikati ya nyumba, aiweke rauta wazi, juu ya usawa wa kichwa. Mita kumi za waya zina faida kuliko rauta mpya ya bei kubwa. Kwenye 2.4 GHz chagua chaneli 1, 6 au 11 peke yake, upana wa 20 MHz. Ukichagua 3 au 8 unawaingilia majirani wa pande zote na wao wanakuingilia wewe.

Nyumba ya ghorofa, au yenye ua mrefu, inahitaji kifaa cha pili kilichounganishwa kwa waya na kile cha kwanza. Vile vijisanduku vya kuchomeka ukutani vya kurudishia mawimbi vinapokea na kutuma kwa redio ile ile, hivyo kasi inakatika nusu au zaidi. Vinauzwa sana kwa sababu havihitaji kutoboa ukuta.

Kasi ikiwa nzuri kwa waya na kwa Wi-Fi, lakini tovuti fulani hazifunguki huku YouTube ikicheza bila shida, basi huenda tatizo liko mbali nasi sote. Video zinazotazamwa sana zinahifadhiwa kwenye mitambo ya hapa hapa karibu, ila mengine yanapita kwenye nyaya za baharini. Mei 12, 2024 nyaya za EASSy na SEACOM zilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini, na Tanzania, Kenya na majirani walionja joto ya jiwe. Siku kama hiyo hakuna fundi wa kumwita.

Pasipo na faiba, kuna rauta ya laini ya simu. Vodacom ilianza kuuza 5G Tanzania Septemba 2022, Safaricom ikafuata Kenya mwezi uliofuata, lakini kwa nyumba nyingi zilizo nje ya miji 4G ndiyo iliyopo, na 4G iliyofungwa vizuri inashinda 5G iliyowekwa ovyo. Fungua ukurasa wa rauta, tafuta namba mbili. RSRP ni nguvu ya mawimbi: -80 ni nzuri, -100 ni ya kuvumilia, -110 ni ya kuhama mahali. SINR ni usafi wake: juu ya 20 ni safi, chini ya 0 ni kelele tupu. Watu huangalia vile vidoti vya mtandao peke yake, kumbe vinaweza kujaa vyote huku usafi ukiwa sifuri. Izungushe rauta nyumba nzima, dirisha kwa dirisha, uandike namba za kila mahali. Mabati ya paa yanazuia mawimbi, kwa hiyo kuiweka darini ni kuizika. Kama dirishani bado ni -105, nunua rauta yenye matundu ya antena ya nje, uipandishe antena juu ya paa ikitazama mnara, na waya wake uwe mfupi, mita 5 hivi. Waya mrefu mwembamba unakula kila ulichokipata kwa kupanda juu. Jaribu mitandao miwili mitatu kwa laini za kawaida kabla hujafungwa na mkataba, na ujaribu usiku.

Setilaiti ni kwa ajili ya shamba, kambi ya utalii, kisiwa, zahanati ya mbali. Zile za zamani ziko kilomita 35,786 juu, ndiyo maana mazungumzo yanachelewa zaidi ya nusu sekunde kwenda na kurudi. Za Starlink ziko kama kilomita 500 hivi na ucheleweshaji wake unakaribia ule wa 4G nzuri. Huduma hiyo ilianza Kenya Julai 2023, na kufika Novemba 2024 Nairobi na kaunti za jirani zilionyeshwa kuwa zimejaa, wateja wapya wasubiri. Hilo litukumbushe kwamba anga nalo lina kiasi chake kwa kila eneo. Dishi linataka uwazi mpana wa anga. Mwembe mmoja upande mmoja utakukatia simu ya video kila baada ya dakika chache, na mnazi ni mbaya zaidi kwa sababu unayumba. La kawaida linakula wati 75 hadi 100, karibu uniti mbili kwa siku, na lile dogo la Mini wati 25 hadi 40. Piga hesabu hiyo kabla ya kununua sola. Na usinunue dishi lililovushwa mpakani kwa kificho: lililosajiliwa nchi nyingine linaweza kuzimwa siku yoyote, na kwa Tanzania mtoa huduma anatakiwa awe na leseni ya TCRA.

Tumeacha Wi-Fi ya umma mwisho kwa sababu hapo fedha nyingi zinapotea. Nia ipo. Intaneti ya kasi ilifikishwa Horombo, kambi ya wapandaji wa Kilimanjaro iliyo mita 3,720 juu ya usawa wa bahari, Agosti 2022. Kenya ilitangaza mpango wa vituo 25,000 vya Wi-Fi ya umma. Wanafunzi na wahadhiri wana eduroam kupitia mitandao ya vyuo, TERNET kwa Tanzania na KENET kwa Kenya: jina na nywila za chuo chako zinakufungulia mtandao katika chuo kingine kilichojiunga. Lakini pita kwenye ukumbi au kituo cha mabasi chenye bango la Wi-Fi ya bure, utaona watu wamewasha bando zao.

Sababu ya kwanza ni rauta ya nyumbani kufungwa mahali pa watu 200. Rauta hiyo inaelemewa ikifika simu 25 au 30. Kwenye watu 200 tarajia 60 wanaotumia kwa wakati mmoja. Kila mmoja mpe megabiti 2, unahitaji njia ya 120 na vifaa vya dari visivyopungua viwili, kwenye 5 GHz, upana wa 20 MHz, nguvu ikiwa imepunguzwa ili kila kifaa kihudumie walio chini yake. Ukiacha na 2.4 GHz ikiwaka, zima humo zile kasi za kale za megabiti 1, 2, 5.5 na 11. Simu moja iliyo mbali ikiongea kwa megabiti 1 inashika hewa kwa muda mrefu, na wenye simu nzuri wanasubiri nyuma yake kama magari nyuma ya mkokoteni kwenye daraja jembamba.

Sababu ya pili haionekani kwa macho, na ndiyo inayoua vituo vya mabasi. Kila simu inayojiunga inapewa anwani. Rauta ya kawaida ina anwani 250 hivi, na kila moja inashikiliwa kwa saa 24 hata mwenyewe akiwa ameshafika Morogoro. Kwenye stendi kubwa kama ya Magufuli pale Mbezi, anwani 250 zingeisha asubuhi mapema. Anayekuja saa tano anaona Wi-Fi imejaa nguvu, anabonyeza, inazunguka, inakataa. Dawa yake haina gharama: punguza muda wa kushikilia uwe dakika 30, na panua bwawa la anwani hadi elfu moja. Ni mistari miwili ya mpangilio.

Kwa mtumiaji: ukurasa wa kuingilia usipotokea, zima data ya laini, fungua anwani yoyote inayoanza na http isiyo na s mwishoni, utajitokeza. Muulize mhudumu jina kamili la mtandao, kwa sababu mtu yeyote mwenye simu anaweza kuita hotspoti yake jina la hoteli. Ukiondoka, iambie simu isahau mtandao huo. Miamala ya M-Pesa kwa *150*00# haipiti kwenye Wi-Fi, inapita kwenye laini yako, kwa hiyo hiyo iko salama. Benki na barua pepe ukizifungua kwenye kivinjari, hakikisha anwani inaanza na https kabla ya kuandika nywila. Mwenye kituo naye awashe kitenganishi cha wateja, ili simu ya mmoja isiweze kuchungulia ya mwingine.

Halmashauri, shule na wenye stendi wanaotangaza zabuni za Wi-Fi waache kuandika "Wi-Fi ya kasi ifungwe" peke yake. Waandike idadi ya watu watakaotumia kwa wakati mmoja na megabiti za kila mmoja, na malipo ya mwisho yatoke baada ya kipimo kilichofanywa Ijumaa jioni, stendi ikiwa imejaa abiria.

Mafundi wa mitandao,
Dar es Salaam